Mkate Mweupe wa Evaristo

Mkaguzi wa unga alifika saa nne asubuhi ya Jumamosi, siku moja kabla ya wafu wetu kuja kula. Nilisikia gari likizimwa mlangoni nikajua kwamba si la mteja, kwa kuwa wateja wangu wote huja kwa miguu.

Nilikuwa mbele ya tanuri. Nyuma yangu, juu ya rafu za chuma, yalikuwa masinia kumi na moja, nilivyodhani yote ya majirani, yamefunikwa vitambaa vya magunia, vinyunya vikiumuka chini yake. Don Hilarión, fundi wangu wa tanuri, alikuwa akipima moto kwa njia yake ya siku zote: hutupa kiganja cha pumba ndani, kisha huhesabu mpaka ziungue. Nelida, mke wa mwanangu, alikuwa akipaka masinia mafuta. Mwanangu mwenyewe yuko São Paulo, anashona nguo za watu, na tangu mipaka ilipofungwa hatujamwona ila kwenye simu.

Sharti nieleze kwanza habari ya unga, maana bila unga hakuna lililotokea siku ile linaloeleweka.

Maradhi yalipofunga barabara mwezi wa Machi, ngano iliacha kupanda huku El Alto, mji wetu wa mlimani Bolivia. Malori yalilala mpakani, vinu vikasimama, na gunia moja la unga likafikia bei ya kondoo wawili. Mtaani kwetu palikuwa na matanuri tisa. Kufikia Juni yalikuwa yamebaki manne. Ndipo serikali ilipoanza kuwauzia waokaji wadogo unga kwa nusu ya bei: magunia ishirini kila Alhamisi, kwa masharti matatu. Unga huo utumike kuoka marraqueta peke yake, ule mkate wa kila siku wenye ganda gumu. Kila mkate uwe na gramu sitini. Uuzwe nusu boliviano, si zaidi. Niliusoma mkataba mara mbili mbele ya karani, nikamwonyesha mahali walipokosea jina la mtaa, nikangoja warekebishe, ndipo nikatia sahihi. Watu watano tunakula kwa tanuri lile. Bila magunia yale ishirini lingezimika kabla ya Jumatano.

Lakini mkataba uliandikwa na watu waliosahau Novemba. Kwetu, kila mwaka wafu hurudi siku moja kula, nazo familia hupeleka unga kwa mwokaji, huwakandia mikate huko na kukodi tanuri kwa sinia. Huoka ngazi za kupandia mbinguni, farasi wa kubebea mizigo, na wawa, yaani mtoto wa mkate aliyefungwa nguo kama kitoto kichanga, mwenye uso wa plasta uliopakwa rangi. Aliyekufa ndani ya mwaka huo lazima apate meza kubwa kuliko wote, asije akaaibika mbele ya wafu wa zamani. Na mwaka ule, ni nyumba gani haikuwa na mfu mpya? Yangu ilikuwa naye. Mume wangu, Evaristo Chipana, aliyekanda unga mweupe katika chumba kile kwa miaka thelathini na mmoja, alizikwa Julai, na mimi nikatazama kutoka ng'ambo ya barabara kwa sababu hawakuturuhusu kusogea.

Jumatatu ya juma lile alikuja Doña Zenobia, muuza viazi wa kona. Yeye alikuwa amempoteza kaka yake.

“Doña Asunta, niuzie kilo tano tu. Nitakulipa bei ya mlanguzi.”

“Unga huo si wangu, Zenobia.”

“Uko ghalani kwako, na kufuli ni lako. Wa nani basi, wa Papa?”

“Wa marraqueta.”

“Kaka yangu alikula marraqueta zako miaka yote hiyo. Leo anaomba moja yenye kichwa na miguu, unamnyima?”

“Namnyima. Nilitia sahihi.”

Aliweka mikono kiunoni. “Wewe dada, siku ukifa utasimama mlangoni umdai Mtakatifu Petro kitambulisho.”

“Na akikosa nitarudi nyumbani.”

Walikuja wengine sita baada yake, na wote niliwajibu hivyo hivyo. Kwa hiyo walifanya walilofanya mababu. Walipiga simu vijijini, jamaa wakawatumia shayiri na kwinoa, nafaka za milimani, wakazisaga, wakapata unga wa rangi ya udongo uliolowa. Nami, ili wasidhani kwamba moyo wangu ni wa chuma, niliwagawia magunia matupu. Ni ya pamba nzuri, yana muhuri wa kijani wa serikali tumboni. Wawa hawezi kuumuka bila nguo. Akipigwa na baridi uso hupasuka, na uso uliopasuka, husema watu, humwita kaburini mwingine wa nyumba ile. Tangu nilipokuwa msichana magunia ya unga ndiyo yaliyotumika kwa kazi hiyo, na sikuona sababu ya kuanza kuyafikiria mwaka ule.

Nilikosea hapo. Wale wanawake hawakuyakata vitambaa kwanza. Waliyajaza unga wao wa shayiri nyumbani, wakayabeba mgongoni, wakapita nayo barabarani mchana kweupe mpaka mlangoni kwangu, muhuri wa serikali ukitazama dunia nzima.

Mkaguzi aliitwa Alanoca. Alikuwa mrefu, mwenye barakoa na kioo cha usoni juu yake, na majalada mawili kwapani, la kijani na la njano. Hakunipa mkono, siku zile hakuna aliyempa mwenzake mkono.

“Wewe ndiye Doña Asunta Chipana?”

“Ndimi.”

“Tumetumiwa picha.” Alinionyesha simu yake kwa mbali. Wanawake watatu, mlango wangu, magunia matatu yenye muhuri, yamefura. Wa mbele alikuwa Zenobia. “Hii ni ya jana saa tisa. Inasemekana unauza unga wa serikali kwa ajili ya sikukuu.”

“Aliyepiga picha hiyo amewaona wakiingia, akasema wanatoka. Magunia niliwapa mimi, yakiwa matupu, ya kufunikia mikate. Usome mkataba wako. Hakuna kifungu kinachotaja gunia tupu.”

“Nimeusoma, mama.”

“Basi tumeusoma wawili.”

“Kifungu cha saba nacho umekisoma?”

Nilikuwa nimekisoma. Unga ukitumiwa kwa kazi nyingine chini ya kilo kumi, mwokaji hunyimwa mgao wa juma moja. Ukifika kilo kumi, jina lake hufutwa, na halirudishwi. Nilimkariria neno kwa neno. Aliinamisha kichwa kidogo, kisha akasema, “Nifungulie ghala.”

Nilimfungulia bila woga. Ufunguo hunining'inia shingoni mchana kutwa, na kila ninapokwisha kuchota unga wa siku huushona mdomo wa gunia lililofunguliwa kwa uzi mwekundu, ili panya na binadamu wajue kwamba nimehesabu. Alanoca alihesabu magunia mazima, kumi na mawili. Aliyagusa moja moja, akaandika. Kisha akaliendea lile la kumi na tatu, lililofunguliwa, akaliinamia.

“Hili umelishona wewe?”

Nilisogea kumjibu, nikayaona mafundo.

Mafundo yangu hulala upande wa kulia. Nilifundishwa kushona na masista, nao hawakuvumilia fundo lililopotoka. Mafundo ya gunia lile yalilala kushoto, yote, kwa usafi mkubwa. Katika nyumba yangu kuna mtu mmoja tu anayetumia mkono wa kushoto, na kila usiku ninapooga ufunguo hubaki juu ya meza ya jikoni.

“Kila siku hushonwa,” nilisema.

Sikusema uongo. Lakini nilifundisha katekisimu miaka kumi na miwili, na najua ni umbali gani uliopo kati ya kutodanganya na kusema kweli.

“Vizuri,” alisema. “Sasa nione masinia.”

Tuliporudi kwenye tanuri, Zenobia alikuwa amekwisha kuingia, amekuja kulitazama sinia lake. Barakoa yake ilikuwa kidevuni. Alimwona mkaguzi, akaipandisha polepole, kama mtu anayefunga kanzu mbele ya padri.

“Kumbe tuna mgeni. Bwana amekuja kuoka nani?”

“Nimekuja kuangalia unga.”

“Wa kwangu utauona ukiwa mbali. Mweusi kama moyo wa mtoza ushuru.”

Don Hilarión alikohoa ili asicheke. Mimi nilikuwa nikimtazama Nelida. Alikuwa ameacha kupaka mafuta. Brashi ilikuwa mkononi, na tone la mafuta lilikuwa likirefuka kwenye ncha yake bila kuanguka. Aliniangalia mara moja tu, na mara hiyo moja ilinitosha.

Masinia kumi na moja. Nilijua kwamba chini ya kitambaa kimojawapo palikuwa na kinyunya cheupe, wala sikujua kipi.

Alanoca alianza juu. Alishika ncha ya kitambaa kwa vidole viwili, akakiinua. Shayiri. Wawa watano wa kahawia, wamelala chali, nyuso zao za plasta zikimtazama kwa macho ya buluu. Alikirudisha kitambaa. La pili, shayiri. La tatu lilikuwa la Zenobia, kwinoa iliyochanganywa na shayiri, na farasi mwenye miguu mitano.

“Huyu farasi ana nini?”

“Huo wa tano ni mkia, bwana. Kaka yangu alikuwa mzito, nimemtilia farasi mwenye nguvu.”

La nne. La tano. Ndani ya tanuri moto ulinguruma, na Don Hilarión akasema, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba joto limefika na likipita mikate itaungua. La sita, la saba. Nilianza kujiambia kwamba labda Nelida ameuficha kwingine. Labda ameuchukua tu, hajaukanda. Kisha nikaona haya kwamba mtu wa umri wangu anajipoza kwa labda. La nane lilikuwa jeusi. La tisa pia.

Kitambaa cha sinia la kumi hakikuwa cha gunia jipya. Kilikuwa kimefuliwa mpaka muhuri umefifia, na kwenye pembe kilikuwa na kiraka cha buluu. Kiraka hicho nilikitia mimi mwenyewe. Ilikuwa aproni ya Evaristo.

Alanoca alikifunua.

Unga ulikuwa mweupe hata ukaonekana kana kwamba umewashwa taa. Ngazi mbili, farasi mmoja, njiwa, na katikati wawa mkubwa kuliko wote, mwenye uso wa plasta uliochorewa masharubu. Kifuani, kwa ncha ya kisu, yalikuwa yamechorwa maneno mawili, *don Evaristo*.

Mara hii hakukirudisha kitambaa.

“Hili la nani?” aliuliza mkaguzi.

“La kwangu,” alisema Zenobia.

Niligeuka. Hakunitazama.

“Lako ni la tatu, mama. Umenionyesha mwenyewe.”

“Nina wafu wengi. Mwaka huu nani hana?”

“Na huyu Evaristo ni nani kwako?”

“Mwokaji wangu. Alinikopesha mkate mwaka mzima viazi vilipooza. Mtu hawezi kumwokea jirani?”

“Unga mweupe umeutoa wapi?”

“Ng'ambo ya ziwa la mpakani. Kuna mtu huvuka nao.”

“Bila karatasi.”

“Ziwani hakuna dirisha la karani, bwana.”

Alanoca alifunga jalada la kijani, akafungua la njano. Alifanya hivyo bila hasira, kama mtu anayebadilisha kalamu. “Huo ni unga wa magendo. Hapo sishughuliki tena na tanuri, nashughulika na wewe. Leseni ya kibanda chako ina namba gani?”

Kibanda kile ndicho kilichomlea Zenobia na wajukuu wake watatu. “Namba siikumbuki,” alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha. “Iko ukutani.”

“Tutakwenda kuisoma.”

Sasa nitasema yaliyonipita moyoni, kwa kuwa si yote yananipa heshima. Niliona magunia ishirini ya Alhamisi. Niliwaona Hilarión, na wakandaji wangu wawili waliokuwa wamelala baada ya zamu, na Nelida, na mwanangu asiyeweza kurudi. Niliona pia kwamba uongo ule haukuwa wangu. Mtu mwingine alikuwa ameuleta, ameuweka mezani, na nilichotakiwa ni kunyamaza. Na aliyeuleta ni yule niliyemnyima kilo tano siku ya Jumatatu.

“Funga jalada hilo,” nilisema. “Unga ni wa serikali.”

“Asunta, nyamaza,” alisema Zenobia.

“Evaristo Chipana alikuwa mume wangu. Sinia ni la nyumba yangu. Huyu mwanamke hajavuka ziwa lolote. Hupata kizunguzungu hata akivuka barabara.”

“Mama, ni mimi.” Nelida alikuwa ameiacha brashi. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Bwana, yeye hakujua. Nilichukua ufunguo akiwa anaoga. Baba mkwe aliniambia hospitalini, akiwa bado na pumzi za kusema. Aliniambia, ‘Mwanangu, usije ukaniwekea mkate wa shayiri, mimi ni fundi, wenzangu watanicheka.’ Nikamwahidi. Nilichukua kilo tatu tu.”

“Nyamaza wewe pia,” nilimwambia. “Mkataba una sahihi yangu, hauna yako.”

Alanoca alitutazama sote watatu. Sikuweza kuyasoma macho yake, kwa sababu kioo cha usoni kilikuwa kimeshika ukungu.

“Gunia lililofunguliwa,” alisema. “Lilikuwa na kilo arobaini na sita. Jana jioni ulitoa ngapi?”

“Ishirini.”

“Basi zibaki ishirini na sita. Tulipime.”

Mizani yangu ni ya kuning'iniza, ya chuma, ya mkono mmoja. Don Hilarión alilileta gunia begani, akalitundika kwenye kulabu, na mshale ukaanza kuyumba. Kumi na sita ndicho kilikuwa kikomo changu. Mshale ukisimama juu ya kumi na sita, tungekosa juma moja. Ukisimama hapo au chini yake, zingekuwa zimetoka kilo kumi, na tanuri la miaka thelathini na mmoja lingekuwa banda la kuku.

Uliyumba ukagusa ishirini. Ukarudi kumi na tano. Nelida alifumba macho. Kama alichukua kilo tatu, kwa nini mshale ulikuwa chini kiasi kile? Nilihesabu upya moyoni ngazi, farasi, njiwa, na yule wawa mkubwa kama mtoto wa miezi sita. Ukapanda kumi na tisa, ukashuka kumi na sita, ukakaa pale kwa muda ambao sikuvuta pumzi. Kisha ukajivuta juu kidogo, polepole, ukatulia.

“Kumi na saba na nusu,” alisema Alanoca.

“Kilo nane na nusu,” nilisema mimi.

Kisha nikamtazama Nelida. “Tatu, ulisema.”

“Nilipima kwa bakuli, mama.”

“Bakuli la nani, la jitu?”

Zenobia alitoa sauti fulani chini ya barakoa. Alanoca aliandika kwa dakika nyingi. Aliniomba nisome kabla ya kutia sahihi, na nikasoma, na hapakuwa na kosa hata la nukta. Mgao mmoja umezuiliwa. Likitokea tena, jina litafutwa. Sinia la kumi lichukuliwe kuwa kielelezo.

“Lichukuliwe vipi?” aliuliza Don Hilarión. “Bado bichi. Ukifika nalo mjini utakuwa na uji.”

Mkaguzi alifikiri. “Viokwe kwanza,” alisema. “Nitangoja.”

Basi mikate ya Evaristo ikatangulia tanurini. Alanoca aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa karibu na mlango, mbali nasi, mikono magotini. Nelida alimtengea kikombe cha api ya moto, uji mwepesi wa mahindi. Alishukuru, lakini hakushusha barakoa, na kinywaji kikapoa karibu na mguu wake. Baada ya robo saa harufu ilitoka. Ilikuwa harufu ya kila alfajiri ya ndoa yangu, na ilinikuta nimesimama bila kazi mikononi, jambo ambalo halikuwa limenipata tangu Julai. Nilichukua ufagio.

Don Hilarión aliitoa mikate kwa sepetu ndefu ya mbao. Masharubu ya plasta yalikuwa mazima, uso haukupasuka.

“Mwachie Evaristo mmoja, bwana,” alisema Zenobia. “Hata njiwa. Nani atajua?”

“Nimeandika vitu vitano. Nikifika na vinne, itakuwa nimeiba kimoja.”

Alisema kweli. Ningekuwa yeye, ningefanya vivyo hivyo, na nilimwambia. Aliniinamishia kichwa kama alivyofanya mara ya kwanza. Aliomba kitambaa. Nilimpa aproni yenye kiraka, naye akamfunika wawa mpaka shingoni, uso juu, akalibeba sinia kwa mikono miwili kuelekea kwenye gari.

“Endesha taratibu,” Don Hilarión alimwambia kutoka mlangoni. “Huyo alikuwa anatapika kwenye gari.”

Gari lilipoondoka Nelida alianza kulia, kimya, juu ya meza ya kukandia.

“Futa machozi,” nilimwambia. “Chumvi imetosha.”

“Mama, nisamehe. Tumekosa magunia ishirini.”

“Tumekosa. Na wewe utayalipa kwa mikono yako, nitakueleza namna gani. Sasa futa.”

Zenobia alikuwa ameliendea sinia lake. Alimkata farasi wake ule mguu wa tano, akauweka mbele yangu juu ya meza: kipande cha kinyunya cheusi, kikubwa kama ngumi. Alitoka nje, ambako wanawake wengine walikuwa wamesimama tangu gari lilipofika, akawaambia jambo. Waliingia mmoja mmoja, kwa umbali uliotakiwa. Kila mmoja alikwenda kwenye sinia lake, akamega mguu, mkia, kipande cha ngazi, akakiweka pale pale. Baadhi ilikuwa shayiri, baadhi kwinoa, rangi hazikufanana.

“Mimi sikuwauzia unga,” niliwaambia.

“Tunajua,” alisema Zenobia. “Mtaa mzima unajua. Kanda, kabla havijakauka.”

Nilikanda. Unga wa shayiri ni mkaidi, haunyooki, hushikamana na vidole. Wawa niliyemtengeneza alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana na mabaka ya rangi mbili. Nelida alimpatia uso mwingine wa plasta katika kopo, wa mwisho, uso wa msichana mwenye mashavu mekundu. Tulimchorea masharubu kwa makaa.

Jumapili saa sita mchana tulimweka wawa huyo mezani, kati ya mishumaa na sahani ya Evaristo ya chuño, viazi vilivyokaushwa kwa baridi. Nilimwambia Evaristo, kwa sauti, kwamba mkate mweupe ulikuwapo, ulikandwa vizuri, na sasa uko ofisini na namba shingoni. Na kwamba kama ana malalamiko aende akayapeleke kule, saa za kazi. Kisha tukakaa tukangoja. Nzi mmoja aliingia, akatua juu ya masharubu, akakaa muda mrefu. Nelida alinitazama. Nzi huwa ni nani siku hiyo, kila mtu wa kwetu anajua.

“Anakula,” alinong'ona.

“Anakagua,” nilisema.

Magunia tuliyokuwa nayo yalikwisha siku nne baadaye, na Alhamisi lori halikuja. Asubuhi ya Ijumaa nilifungua mlango nikidhani nitaukuta ukumbi mtupu. Zenobia alikuwa ameketi juu ya gunia la shayiri, mengine yamepangwa nyuma yake, muhuri wa kijani umekatwa kwa mkasi, pengo la mviringo likiwa mahali pake.

“Nimekata mdomo wa serikali,” alisema, “usije ukatusemea tena.”

Kwa juma lile mtaa ulikula mkate mweusi, mgumu, kwa nusu boliviano ile ile. Wateja walinung'unika na kununua. Nelida alikanda shayiri tangu saa tisa usiku mpaka kumi na mbili asubuhi, kila siku, na nikahakikisha kwamba hakuna aliyemsaidia.

Alhamisi iliyofuata lori lilikuja. Alanoca alisimama pembeni akihesabu nami: ishirini. Alinipa aproni ya Evaristo ikiwa imekunjwa, imefuliwa. Nilitia sahihi.

Jioni, tulipokwisha kuchota, nilimpa Nelida sindano na uzi mwekundu, nikamwambia kwamba tangu siku hiyo kushona mdomo wa gunia ni kazi yake. Mafundo yake yalilala kushoto, nami sikuyasahihisha. Ufunguo niliendelea kuuvaa, na siku hizi naoga nao.